Kuvua kwa Ndoana Matema: Tathmini ya Mitumbwi ya Kukodi Ziwa Nyasa

Kwa mkazi wa Mbeya anayependa kuvua kwa ndoana, hakuna maji ya karibu yanayoweza kushindana na Ziwa Nyasa, na katika mwambao wote wa wilaya ya Kyela sijaona mahali panapomfaa mvuvi wa burudani kuliko Matema. Tathmini hii inahusu huduma moja tu inayopatikana pale: kukodi mtumbwi pamoja na wavuvi wawili wenyeji, ambao humpeleka mgeni ziwani kwa nusu siku kuvua kwa fimbo au kwa mshipi wa mkono. Huduma hii si ya kampuni, haina ofisi wala bango. Mgeni huelekezwa na wahudumu wa nyumba za kulala wageni, au huenda mwenyewe mahali mitumbwi inapovutwa mchangani, akasalimia, akaeleza haja yake, na mazungumzo ya bei yakaanza. Nimeitumia wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, nikiwa na wavuvi tofauti, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni tabia ya huduma yenyewe kwa ujumla wake, wala si sifa au kasoro ya mtu mmoja.

Hukumu yangu naitoa mapema. Anayekodi mtumbwi Matema analipia maarifa. Chombo ni cha kawaida, vifaa vya kuvulia ni duni na suala la usalama linahitaji kurekebishwa haraka, lakini ujuzi wa watu wale kuhusu upepo, kina na mwenendo wa samaki ni mkubwa kiasi kwamba malipo wanayoyaomba hayalingani nao hata kidogo. Mgeni anayefika pale akidhani amekodi wapiga kafi tu, akawaamuru wampeleke anakotaka yeye, atarudi mikono mitupu na atailaumu huduma bila haki.

Safari yenyewe haina ugumu. Kutoka Mbeya mjini, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, barabara hupita Uyole, ikapanda milima ya Uporoto, ikashuka Tukuyu kati ya migomba na mashamba ya chai, hadi kwenye bonde la Kyela lenye mpunga na kakao, ambako mwinuko uko chini ya mita 500. Anayekwenda Matema huiacha barabara kuu Kikusya na kupitia Ipinda. Joto la kule chini ni la kweli, na atokaye kwenye baridi ya Mbeya au Mafinga avae nguo nyepesi zenye mikono mirefu, kwa sababu jua la ziwani huchoma hata siku yenye mawingu.

Ziwa lenyewe ndilo linaloyafanya maarifa ya wenyeji kuwa ya lazima. Nyasa ni ziwa la tatu kwa ukubwa barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika, likiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 29,600 na kina kinachofika kama mita 700. Mtu akisikia namba hizo hudhani kwamba samaki wamejaa kuanzia juu hadi chini. Sivyo. Maji ya ziwa hili hayachanganyiki mpaka sakafuni, na kuanzia kina cha zaidi kidogo ya mita 200 hakuna oksijeni ya kumwezesha samaki kuishi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yale ni tupu na samaki wote wanaishi katika tabaka la juu. Pale Matema, ambako milima ya Livingstone inaporomoka moja kwa moja hadi ziwani, kina huongezeka ghafla, na mtumbwi ukisogea kidogo tu kutoka kwenye miamba ya upande wa kijiji cha Ikombe unakuwa juu ya maji ambayo mshipi wa kawaida haufiki chini. Sijamsikia mvuvi yeyote wa pale akizungumzia oksijeni, lakini wote wanajua ni wapi uzi unapoacha kuwa na faida. Mzee aliyekuwa amekaa tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, katika mojawapo ya safari hizo alinipimia uzi kwa mikono yake kabla sijaumwaga, pima baada ya pima, kisha akafunga kifundo cha kitambaa chekundu mahali alipotaka niishie. "Mwalimu, ukifika hapa simama," alisema. "Chini ya hapa ni maji matupu." Kifundo kile kilinipa samaki wengi kuliko chambo chochote nilichokibeba kutoka mjini.

Ujuzi wa pili ni wa upepo. Kati ya Mei na Agosti ziwa hupigwa na upepo wa kusini-mashariki ambao wavuvi huuita mwera, na kwa kuwa ziwa ni refu na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini, mawimbi hufika yakiwa yamekwisha kujikusanya nguvu njiani. Nje ya msimu huo pia siku huwa na mpangilio wake: alfajiri hewa hushuka kutoka milimani na maji hutulia, na kadiri jua linavyopanda upepo hugeuka na kuanza kutoka ziwani. Wavuvi wa Matema huusoma mpangilio huo kwa kuangalia mawingu yanavyokaa juu ya milima na rangi ya maji kule mbali. Nimewahi kuwa nao asubuhi moja ambapo samaki walikuwa wakidonoa vizuri na mimi sikuona sababu yoyote ya kuondoka, lakini kijana wa mbele alitazama kusini, akamwambia mwenzake maneno mawili kwa Kinyakyusa, na bila kuniomba ruhusa wakageuza mtumbwi. Tulipokuwa tunaukokota mchangani, ziwa lilikuwa limekwisha chafuka. Huduma inayomkatalia mteja kwa ajili ya uhai wake ni huduma ninayoiheshimu, na naitaja hapa kwa sababu wapo wageni wanaolalamika kwamba walirudishwa mapema ilhali walilipia saa zao zote.

Lipo jambo linaloathiri ubora wa huduma ambalo mgeni halifikirii kwa urahisi, nalo ni mwezi. Wavuvi wengi wa pale huishi kwa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua zimeenea. Mwanga huwavuta wadudu wadogo wa majini, wadudu huwavuta usipa, na nyavu huwafuata. Kazi hiyo hufanyika katika usiku wa giza, kwa maana mbalamwezi ikiwa kubwa taa hupoteza nguvu yake. Matokeo yake kwa mgeni ni mawili. Katika siku za giza, usipa wabichi wa chambo wanapatikana alfajiri kwa urahisi, lakini mvuvi anayekupeleka huenda hajalala, na nimekwisha kukaa na mpiga kafi aliyekuwa akisinzia huku ameshika kafi, jambo ambalo halifai hata kidogo katika maji ya namna ile. Katika siku za mbalamwezi, watu wamepumzika, wana subira na wana muda wa kufundisha, ila chambo kinabidi kitafutwe. Mimi huchagua mbalamwezi. Anayeweka miadi aulize moja kwa moja kama watu watakaompeleka watakuwa wametoka kwenye taa usiku uleule, na akijibiwa ndiyo, aombe wengine au asogeze siku.

Sasa kuhusu samaki wenyewe. Wanaosoma majarida ya uvuvi ya Marekani hufika wakiulizia besi, samaki yule mwenye mdomo mpana ambaye kwa miaka mingi wataalamu wamemwita Micropterus salmoides, na ambaye fimbo, rili (kigurudumu cha kuzungushia uzi) na chambo bandia nyingi zinazouzwa duniani zimetengenezwa kwa kumfikiria yeye. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na katika Afrika Mashariki alipandwa katika maji machache kama Ziwa Naivasha nchini Kenya. Nyasa hayumo, na asiwemo kamwe. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na tumekwisha kuona kule Victoria jinsi sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 alivyowamaliza furu wa aina nyingi. Mgeni akikuambia kwamba ziwa letu lingependeza zaidi kama lingekuwa na besi, mjibu kwa adabu lakini usilegeze msimamo.

Anayestahili kutafutwa na mvuvi wa fimbo hapa ni mbasa. Ni samaki mrefu, mwenye rangi ya fedha, mwenye nguvu ya mkia isiyolingana na umbo lake, anayewinda usipa katika maji ya wazi na kuwafukuza hadi juu ambako ndege nao huwangojea. Akinasa hukimbia upande badala ya kuzama, na mtu asiyelegeza uzi kwa wakati hubaki na ncha iliyokatika. Wavuvi wa Matema hupata makundi yake kwa kutazama ndege na kwa kusikiliza, na ndiyo, nasema kusikiliza, kwa sababu usipa wakifukuzwa hutoa sauti juu ya maji kama mvua nyepesi inayopita. Mbali na mbasa kuna magege, samaki wa jamii ya perege, ambaye kila mtu anamfahamu kwenye sahani na ambaye huvuliwa kwenye maji ya kina kifupi karibu na mchanga na majani. Kuna kambale wa aina kadhaa. Kuna pia yule samaki mkubwa mwenye masharubu ambaye upande wa Malawi huitwa kampango, mwindaji wa usiku ambaye huwalinda watoto wake, na mama huwalisha kwa mayai yake mwenyewe. Kwenye miamba ya upande wa Ikombe wamejaa samaki wadogo wa rangi za buluu na manjano ambao wavuvi huwadharau kwa udogo wao, na ambao watu wa nchi za mbali huwafuga kwenye vioo majumbani. Mgeni akipelekwa huko, afiche ndoana kwa muda na atazame tu, kwa maana katika siku tulivu za kiangazi maji ni angavu kiasi cha kuona kila jiwe.

Vifaa ndivyo vinavyoiangusha huduma hii. Watakupa mshipi wa nailoni uliozungushiwa kipande cha mti au chupa ya plastiki, ndoana moja au mbili, na chubwi iliyotengenezwa kwa kipande cha chuma au jiwe lililotobolewa. Mshipi wa aina hiyo unatosha kwa kambale na kwa magege, na katika mkono wa mwenyeji ni chombo cha hatari kweli kweli, lakini kwa mgeni asiyeuzoea huchana vidole na haumfikii mbasa aliye mbali na mtumbwi. Ndoana walizo nazo mara nyingi zina kutu na ni kubwa kuliko inavyopasa. Nawashauri wote wanaokuja kwa ajili ya mbasa wabebe vifaa vyao wenyewe, navyo si lazima viwe vya bei kubwa. Fimbo ya mita mbili na ushee inayokunjika, rili ndogo ya kawaida, uzi wa unene wa milimita 0.30 au chini kidogo, na vijiko, yaani chambo bandia za chuma zenye umbo la kijiko, vyembamba vinavyong'aa, vyenye uzito wa gramu 10 hadi 20, vinatosha kwa siku nzima. Kijiko kinachofanana na usipa kwa urefu na kwa mng'ao ndicho kinachofanya kazi. Mara nyingine kifaa cha bei rahisi kabisa kilichofanana na usipa kimenipa samaki pale ambapo chambo ya bei ghali, yenye macho yaliyochorwa na mapezi ya manyoya, haikuguswa.

Minyoo ya mpira, ambayo sasa inapatikana katika maduka ya vifaa vya uvuvi na kwa wauzaji wa mtandaoni, naisemea kando kwa kuwa watu wengi huinunua kwa wingi kabla ya safari. Imeundwa kwa ajili ya besi, samaki anayejificha kwenye magogo na majani akingoja kitu kipite karibu, na huburutwa polepole chini. Mbasa haishi hivyo. Yeye yuko katika maji ya wazi, anakwenda kasi, na kitu kinachotambaa sakafuni hakimhusu. Karibu na mafunjo, kwenye kina kifupi, mnyoo wa mpira mdogo huwavuta samaki wengine wawindaji, lakini hata hapo mnyoo wa kweli kutoka shamba la migomba unaushinda, na haugharimu kitu. Vilevile hakuna haja ya kufunga waya mbele ya ndoana kwa ajili ya mbasa, kwa sababu hana meno kwenye taya. Wapo samaki wengine wembamba wenye meno makali watakaokata uzi mara moja moja, na hasara ya kijiko kimoja ni ndogo kuliko hasara ya kumfukuza mbasa kwa waya unaomulika.

Mtumbwi ni wa gogo lililochongwa, mwembamba, na mtu mzima akigeuka bila kuangalia hutikisika wote. Kopo la kutolea maji huwamo, na hutumika. Kwa maji ya alfajiri yaliyotulia chombo hiki kinafaa sana, kwa maana hakina kelele na hakitishi samaki, na sitaki kuona kila mtumbwi wa Matema ukifungwa injini. Ninachotaka kuona ni majaketi okozi. Katika safari zangu nyingi hayakuwepo kabisa, na mara moja yalipokuwepo yalikuwa yamechanika mikanda hivi kwamba yasingemshikilia mtu. Hili silisamehi kwa sababu ya umaskini wa mtu wala kwa sababu ya mazoea. Jaketi okozi ni kifaa cha kudumu, na wavuvi kadhaa wakichangia wanaweza kuwa na machache ya kuwapa wageni kwa zamu, huku wakiongeza kiasi kidogo kwenye bei, kiasi ambacho hakuna mgeni mwenye akili timamu atakayekikataa. Mpaka hapo watakapofanya hivyo, mgeni abebe lake, na alivae, si alikalie. Anayekuja na mtoto asiingie mtumbwini bila jaketi la kipimo cha mtoto.

Naongeza tahadhari mbili kuhusu maji. Mamba wapo, hasa kwenye midomo ya mito na kwenye mafunjo, na wenyeji wanajua ni wapi; wakisema usiteremke kusukuma mtumbwi mahali fulani, kaa ulipo. Kichocho nacho kipo katika maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo mgeni asikae muda mrefu akichezea maji hayo kwa miguu mitupu. Jioni kuna mbu, na malaria ya bonde la Kyela haina huruma kwa mtu wa nyanda za juu.

Midomo ya mito inanileta kwenye jambo lililo zito kuliko yote katika tathmini hii. Bonde la Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na masika yanapokolea kati ya Machi na Mei, mito ya Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe hufurika. Wakati wa mvua ndio mbasa huondoka ziwani na kupanda mito ili kutaga mayai kwenye changarawe, mahali penye maji safi yanayokwenda kasi. Hukusanyika kwanza mdomoni mwa mto wakiwa wengi, wamenenepa, na rahisi kukamatwa. Wapo wavuvi wanaowapeleka wageni huko kwa makusudi, kwa sababu mgeni akipata samaki wengi hufurahi na hulipa vizuri. Nimepelekwa, nimeona majike yaliyojaa mayai yakitupwa chini ya mtumbwi, na nimewaomba wenzangu waondoke pale. Nyavu zinazoziba mito, udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya kwenye miteremko na kufunika changarawe, na sumu wanazotumia watu wachache wasiojali vimekwisha kumbana samaki huyu, na yumo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini. Kampango naye yumo. Kumfuata mbasa mlangoni pa uzazi wake kwa ajili ya burudani ni jambo baya, na huduma inayofanya hivyo haistahili fedha za mtu anayelipenda ziwa hili. Wakati wa mvua vua magege, vua kambale, au kaa na mshipi kwenye miamba. Mbasa mtafute kiangazi, katika maji ya wazi, akiwa na nguvu zake zote na nafasi ya kukushinda.

Kwa upande wa magege pia kuna adabu yake. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na wakati huo hali chakula sawasawa, kwa hiyo hadonoi mara nyingi, lakini akinaswa na vifaranga vikamwagika, mrudishe majini papo hapo pamoja na vyake. Wavuvi wazee wa Matema wanalijua hili na huwa wa kwanza kunyoosha mkono kumfungua ndoana. Vijana wengine huhitaji kuambiwa.

Sheria nayo isisahaulike. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake zinataka leseni kwa chombo na kwa mvuvi, na burudani haimwondoi mtu katika wajibu huo. Wavuvi wengi watakuambia kwamba leseni yao inatosha kwa wote waliomo mtumbwini. Usiishie kwenye neno hilo. Pita kwa afisa uvuvi wa wilaya au kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni, eleza unachotaka kufanya, na uondoke ukiwa na stakabadhi.

Bei ni ya kupatana, na hubadilika kwa msimu, kwa idadi ya watu na kwa mafuta pale injini inapotumika, kwa hiyo sitaandika namba ambayo itampotosha msomaji baada ya miezi michache. Nitasema tu kwamba ni nafuu kuliko inavyostahili, na kwamba mambo matatu yasemwe wazi kabla ya kuondoka: saa ya kwenda na kurudi, nani analeta chambo, na samaki watakaopatikana ni wa nani. Hilo la mwisho limeleta manung'uniko mengi yasiyo ya lazima. Desturi niliyoikuta kwa walio wengi ni kwamba mgeni huchukua anaowataka kwa mlo, na wanaobaki ni wa wavuvi, jambo ambalo naliona la haki. Kwenye mlo wenyewe sina malalamiko: magege waliobanikwa kwa chumvi na ndimu, wali wa mchele wa Kyela unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa, na ndizi za kupika. Nyumba za wageni zitakupikia samaki wako kwa malipo madogo.

Wakazi wa Iringa watauliza kwa nini wasafiri umbali wote huu ilhali wana bwawa la Mtera, lililojengwa kwenye mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme. Swali ni la haki. Mtera ina perege na kambale wa kutosha, na anayetaka samaki wa kula tu hana sababu ya kwenda mbali. Maji yake, hata hivyo, hupanda na kushuka kwa mvua na kwa mahitaji ya mitambo, ukingo husogea, na mahali palipofaa mwaka mmoja panaweza kuwa malisho ya ng'ombe mwaka unaofuata. Kwa mtu wa fimbo anayetaka samaki anayekimbia katika maji ya wazi, Nyasa haina mshindani katika nyanda zetu.

Anayekusudia kwenda apange kufika Matema mchana, azungumze na wavuvi siku hiyohiyo kabla jua halijatua, aone mtumbwi kwa macho yake na aukague kama una nyufa. Malipo yote asiyatoe usiku. Atoe sehemu, na iliyobaki aitoe ufukweni baada ya kurudi. Awe majini saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya mvua akiona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa kwa mbali, asidhani kuna moto: ni wadudu wadogo wanaozaliwa majini kwa mamilioni, ambao watu wa mwambao huwakusanya, wakawakanda vibonge na kuwala, na ambao viluwiluwi vyao ni chakula cha samaki. Aliyezoea hufunika mdomo wingu linapopita, kisha huendelea kuvua. Ikifika saa nne na upepo umeanza kugeuka, akunje uzi wake bila kungoja kuambiwa, na hapohapo aweke miadi ya safari nyingine na wavuvi walewale, kwa sababu mvuvi aliyekwisha kuufahamu mkono wako atakupeleka mahali ambapo hakukuonyesha mara ya kwanza.